Kuku Aliyekombolewa kwa Jicho

Kijana yeyote wa maabara nikikutana naye, awe ndiyo kwanza katoka chuo au amekuja Korogwe kwa mafunzo ya vitendo, namuuliza swali moja tu: umeshawahi kumwonyesha mtu damu yake mwenyewe? Wengi hucheka. Wanasema, "Bibi, foleni imefika nje, nani ana muda huo?" Basi nawaambia wakae, nachemsha chai, nawasimulia habari ya kuku wa Kwedizinga. Sasa nimeamua kuiandika, maana nyinyi mnazidi kuwa wengi na sukari yangu inazidi kwisha.

Mimi ni Msambaa wa Vugiri. Niliteremka mlimani nikiwa msichana, nikaja kufanya kazi hospitalini huku Korogwe, na joto la huku chini lilinikaribisha kwa makofi. Maisha yangu yote ya kazi nimekaa kwenye benchi la maabara: Korogwe miaka mingi, Handeni kidogo, kisha Korogwe tena mpaka nilipostaafu. Sikuwa daktari. Mimi ni yule mtu wa dirishani aliyekuchoma kidole ukiwa mtoto, akakwambia kaa nje utaitwa. Najua wengi wenu mlinichukia, na nimewasamehe.

Aliyenifundisha kazi, chuo kando, ni Mzee Maganga. Alikuwa Mnyamwezi aliyezaliwa hapa hapa Korogwe, kambini, kwenye shamba la mkonge. Baba yake alikuja kutoka Tabora kukata mkonge na hakurudi tena. Mzee mwenyewe alikuwa mfupi, kipara kinang'aa, miwani imefungwa uzi nyuma ya masikio, na hakuniita jina langu hata siku moja. Aliniita Binti Vugiri tangu siku niliyoripoti kazini mpaka nilipokuwa na wajukuu.

Siku ile ya kuripoti alinikalisha kwenye darubini, akanipa kioo chenye damu, akasema niangalie nimwambie naona nini. Niliinama. Nikamwita kwa sauti ambayo nadhani ilisikika mpaka famasia.

"Mzee! Kuna mdudu! Mweusi, mrefu, ana miguu mingi!"

Akaja mbio, akainama, akatazama. Akainuka. Akanitazama mimi.

"Mdudu wako anatembea?"

"Anatembea, Mzee. Kila nikipepesa macho anatembea."

Mzee Maganga alivuta kiti, akakaa, akavua miwani, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Hongera, Binti Vugiri," akasema. "Umegundua kope zako."

Watu wa famasia waliniuliza hali ya yule mdudu kwa muda mrefu sana. Nanyi itawatokea, kama bado haijawatokea. Usilisogeze jicho mpaka likagusana na chombo. Liache mbali kidogo, tulia, mwanga utakufuata wenyewe. Na jicho la pili usilifumbe kwa nguvu, utatoka kazini uso umepinda.

Chuoni nilikuwa nimekariri kila kitu. Ungeniuliza seli ni nini, ningekujibu bila kupumua: ni sehemu ndogo kabisa ya mwili yenye uhai, ina utando wa nje, ina saitoplazimu ndani, ina kiini kinachotawala shughuli zake, ina mitokondria zinazotoa nguvu. Wengine husema chembe hai, wengine husema seli, kitu ni kile kile. Nilikuwa nayaimba maneno hayo. Ila sikuwa nimeamini.

Mzee Maganga alinigundua mapema. Siku moja wakati wa chakula cha mchana alichukua kitunguu kwenye kachumbari yangu kabla sijakigusa, akakibandua ile ngozi nyembamba ya ndani inayofanana na nailoni, akaitandaza kwenye kioo, akadondoshea tone la aidini. Nikaangalia. Vyumba! Vyumba vimepangwa safu kwa safu, na ndani ya kila chumba kuna doa moja la duara la rangi ya kahawia.

"Doa hilo ndilo kiini," akasema. "Yule ndiye mama mwenye nyumba. Mapishi yote ya humo ndani anayajua yeye."

Kisha akanipa kijiti safi, akaniambia nijikwangue ndani ya shavu, taratibu. Tukapaka kioo kingine, tukatia rangi. Safari hii hapakuwa na kuta zilizonyooka. Zilikuwa seli zimelala ovyo ovyo, kila moja na utando wake mwembamba na kiini chake katikati.

"Na huyu nani?" nikauliza.

"Huyu wewe."

Sikula tena mchana ule, wala si kwa sababu ya kitunguu. Nilikaa pale nikijitazama. Nilikuwa mtu mzima mwenye cheti, na ndiyo kwanza naambiwa nimetengenezwa kwa kitu gani, nikaamini. Furaha niliyoipata siku ile sijui niifananishe na nini.

Kwa hiyo wanangu, mkipewa vijana wa kuwafundisha, msianze na ubao. Anzeni na kitunguu.

Damu ndiyo iliyokuwa mapenzi yake. Angeweza kukueleza seli nyekundu mpaka ukaingiwa na huruma nayo. Alisema, tazama, seli nyekundu iliyokomaa haina kiini. Ilikuwa nacho ilipokuwa changa ndani ya uboho wa mfupa, lakini kabla ya kuingia barabarani ikakitoa nje, ili pote ndani pabaki nafasi ya himoglobini, na himoglobini ndiyo inayobeba hewa safi kutoka mapafuni. "Imemshusha dereva ipakie mzigo," alikuwa akisema. "Ndiyo maana haidumu. Miezi kama minne, basi, wengu na ini vinaivunja." Seli nyeupe aliziita askari mgambo, kwa sababu huzioni nyingi ila fujo ikitokea zinajaa. Vile vidogo kabisa, chembe sahani, kazi yao ni kuziba tundu damu isimwagike. Na yale maji ya manjano ambamo vyote vinaogelea, utegili, alitukataza kuyadharau. Alisema bila utegili hao wote wangekuwa abiria wasio na basi.

Mkono wake kwenye kioo sijauona kwa mtu mwingine. Tone dogo karibu na mwisho wa kioo, kioo cha pili kimeinama, unakirudisha nyuma mpaka kiguse tone, unasubiri damu itambae kando yake yote, halafu unasukuma mbele mara moja bila kusita. Ukisita, damu inafanya matuta kama shamba la viazi. Ukienda vizuri, unapata kitu kama ulimi: mzito mwanzoni, mwembamba mwishoni. Seli za kusoma ziko pale kwenye wembamba, zimelala moja moja hazipandani. Siku hizi mnazo mashine zinazonyonya damu na kutoa majibu kwenye karatasi, na malaria mnapima kwa kile kipande cha plastiki chenye mistari. Sina ugomvi navyo. Mashine inahesabu kuliko mimi na haichoki saa nane mchana. Ila mashine haimwiti mtu ikamwambia njoo uone.

Sasa kuku.

Asubuhi moja lilikuja gari kutoka upande wa Handeni, limembeba mama aliyejifungulia njiani. Jina lake Sikudhani, mtu wa Kwedizinga. Mtoto alikuwa mzima, msichana, analia vizuri tu. Mama ndiye aliyekuwa amemwaga damu nyingi. Manesi na daktari walifanikiwa kuizuia, lakini iliyokwishatoka ilikuwa imetoka. Nilipokwenda wodini kuchukua sampuli yake, nilimfunua kope la chini nikakuta peupe. Viganja vyeupe. Alikuwa anapumua haraka haraka, na moyo unakimbia, kwa sababu seli zilizobaki zilikuwa chache na ilibidi zizunguke mwilini mbio kufikisha hewa. Alinishika mkono akaniuliza kama mtoto amenyonya. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

Nikapima kundi: O. Mtu wa kundi O anapokea damu ya O tu. Kwenye jokofu letu la damu palikuwa na mfuko mmoja wa kundi hilo. Ukapelekwa, ukaanza kutiririka. Daktari akaja mwenyewe dirishani kwangu.

"Huu hautoshi," akasema. "Nahitaji mwingine ukiisha huu. Ndugu zake wapo nje."

Ndugu walikuwepo kweli. Kaka zake wawili, wamekaa kwenye benchi la nje ya maabara, wameleta kapu la nguo, chupa ya chai, na kuku mtetea wa kumchemshia mzazi supu, amefungwa miguu kwa kamba ya mkonge. Mkubwa aliitwa Mhina, mkulima, mtu wa miraba minne, mikono kama mapanga. Nikamwamkia, nikamweleza hali. Akanisikiliza kwa adabu.

"Dada yangu," akasema, "sisi damu hatutoi. Usidhani hatumpendi. Huyu ndiye dada yetu mmoja. Lakini damu ya mtu ni ile aliyozaliwa nayo. Ukiipunguza umeipunguza."

"Mimi nina shamba nimelifyeka nusu," akasema yule mdogo. "Nikiacha damu hapa, nguvu ya jembe nitaitoa wapi?"

Niliwapa maneno yote niliyokuwa nayo. Uboho, himoglobini, utegili, seli changa na seli zilizokomaa. Walikubali kwa kichwa kila neno, kama watu wanaosikiliza taarifa ya habari ya nchi ya mbali. Nilipomaliza, Mhina akasema ahsante sana dada, akaangalia chini. Niliogopa, wanangu. Niliogopa kweli, kwa sababu mfuko ule wodini nilijua unapungua, na macho ya Sikudhani nilikuwa bado nayaona.

Nikarudi ndani nikamwambia Mzee Maganga. Alinawa mikono, akaifuta, akatoka nje, akasimama mbele ya benchi.

"Nani kaleta kuku?"

"Sisi, mzee. Shikamoo," akasema Mhina.

"Nyinyi watu wa wapi?"

"Kwedizinga."

"Wazigua?"

"Wazigua, mzee."

Mzee Maganga akainama, akamchukua yule kuku, akamweka kwapani. "Marahaba. Kuku nimemkamata. Mimi Mnyamwezi."

Kwa nyinyi mliokulia mijini, niwaeleze. Wazigua na Wanyamwezi ni watani. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, na ukikasirika mwenye makosa ni wewe. Anaweza kukamata kitu chako mchana kweupe, na hakitoki mkononi mwake mpaka ukikomboe. Hata msibani watani wanakamata sepetu, na maiti haizikwi mpaka wafiwa watoe chochote. Ndiyo desturi, na mtu anayeiheshimu hawezi kuinuka tu akaondoka.

Niliona uso wa Mhina unabadilika. Asubuhi nzima ulikuwa umekunjamana kwa hofu, na sasa kicheko kinaanza kumtoka pembeni ya mdomo bila ruhusa yake.

"Ala! Kumbe Mnyamwezi! Harufu nilikuwa naisikia tangu getini."

"Na mimi nilisikia mtu anakoroma kwenye benchi, nikajua Mzigua kaja."

"Nyinyi si mlikuja huku na mizigo ya watu kichwani, mkasahau njia ya kurudi?"

"Tulikuja tukawakuta mmelala. Tumekaa kuwasubiri muamke!"

Foleni nzima ilikuwa inacheka. Mama mmoja aliyekuja na mtoto mwenye homa alimwacha mtoto kwa jirani aje asikie vizuri. Mhina akaingiza mkono mfukoni.

"Haya, mtani. Kuku ni wa mgonjwa huyo. Sema, nimkomboe kwa shilingi ngapi?"

"Hela yenu inanuka mihogo," akasema Mzee Maganga. "Nataka jicho."

Mhina akajifunika macho kwa kiganja.

"Jicho moja la Mzigua. Silinunui, naliazima. Uingie humu ndani, uliweke kwenye chombo changu, uangalie. Ukishaangalia, kuku wako huyu."

Mhina alimtazama mdogo wake, akaitazama foleni. Foleni nzima ilikuwa inamsubiri. Akainuka akaingia.

Mzee alinipa kuku nimshike, akamchoma Mhina kidole, akaweka tone dogo kwenye kioo na tone la maji ya chumvi, akafunika kwa kijikioo chembamba. Hakutia rangi. Alitaka aione ikiwa hai. Mhina aliinama na mwili wake wote, karibu aiangushe meza.

"Naona mdudu mweusi."

"Hizo kope zako. Rudi nyuma kidogo," tukasema mimi na Mzee kwa pamoja.

Akarudi nyuma. Kisha akatulia. Alitulia mpaka nikadhani amesinzia, kuku naye kwapani kwangu akatulia.

"Hawa nani?" akauliza, taratibu.

"Huyo wewe."

"Wanatembea."

"Wako majini, wanaelea. Ndivyo walivyo ndani yako sasa hivi."

"Mbona si wekundu?"

"Mmoja mmoja wana umanjano tu. Wakisongamana ndiyo unaona nyekundu."

"Mbona wamo wengi hivi!" akasema Mhina. "Tone lile? Mbona wamo wengi hivi!"

Hapo ndipo Mzee alipomweleza, kwa sauti ya chini, utani ameuweka pembeni. Kwamba kati ya hao hakuna hata mmoja aliyezaliwa naye. Wale aliozaliwa nao walikwisha kufa alipokuwa bado anabebwa mgongoni. Hawa anaowaona ni wa mwaka huu, wengine ni wa juzi, na hata asipotoa tone wataisha na kuja wengine, kwa sababu ndani ya mifupa yake kuna uboho, na uboho haulali. Akitoa mfuko mmoja, maji yake yatarudi upesi akinywa vizuri, na seli zenyewe zitajazwa baada ya wiki kadhaa.

Mhina alifikiri. "Kama nywele, basi. Unanyoa, zinaota."

Mzee Maganga akajipapasa kipara. "Zangu zimegoma. Lakini damu inaota."

Kisha alifanya jambo ambalo nusura nimpigie kelele. Alimchukua kuku kwapani kwangu akamkabidhi Mhina. "Shika. Umeshamkomboa. Nenda kakae na mdogo wako." Akageukia kazi yake.

Nilimfuata nikamnong'oneza, "Mzee! Na damu?"

"Kuku nimemkamata," akasema bila kugeuka. "Damu haikamatwi, Binti Vugiri. Damu mtu huitoa mwenyewe."

Kule wodini mfuko unakwisha. Mhina alifika mlangoni na kuku wake, akasimama. Alimtazama mdogo wake kwenye benchi, akatazama upande wa wodi ya wazazi. Akageuka.

"Hiyo sindano ya kutolea," akasema, "inauma?"

"Kama mwiba wa mkonge," akajibu Mzee.

"Aa, wa mkonge unauma sana!"

"Basi kidogo kuliko huo."

Mhina akampa mdogo wake kuku, akakunja mkono wa shati.

Wakati ule tulikuwa na chombo chenye maji ya buluu. Unadondosha tone la damu ya mtoaji: likizama, himoglobini yake inatosha, likielea, haitoshi. Tone la Mhina likazama mpaka chini kama jiwe. Mwenyewe akashtuka. "Limezama! Sasa nakufa?" Tukamwambia hapa kwetu kuzama ndiyo kufaulu. Alikuwa kundi O. Tukapima magonjwa yote yanayopimwa, safi. Nikachanganya seli zake na utegili wa dada yake, maana hata kundi likilingana lazima uone kama wanapatana. Zikikataana zinashikana mabonge mabonge kama uji uliomshinda mpishi. Nilitikisa, nikaangalia kwa macho, nikaangalia kwa darubini. Laini, hakuna bonge. Nikapiga ukelele wa furaha, na sikuona aibu.

Mfuko wa Mhina nilioupeleka wodini niliubeba kwa mikono miwili. Ulikuwa bado una joto lake. Yule mdogo naye, alipoona kaka yake amelala kitandani anakunywa soda na biskuti zilizoletwa bure na mama mmoja wa Kihindi mwenye duka mjini, akasema basi na yeye. Tone lake likaelea. Hakuruhusiwa, akaambiwa ale maini, dagaa na mboga za majani kwanza. Alinuna zaidi ya mtu aliyefeli mtihani.

Alasiri nilirudi wodini. Nikafunua kope la Sikudhani. Pekundu. Si sana, lakini pekundu, rangi ya kakake. Viganja vilikuwa na joto na mtoto yuko kifuani anavuta ziwa kwa bidii. Alinitazama akasema ana njaa, na supu iko wapi. Nilitoka nje nikalia nyuma ya jengo la maabara, kisha nikanawa uso nikaenda kuchoma vidole vya watu.

Kuku aliingia sufuriani siku ile ile. Mtani wao alipelekewa shingo.

Walipokuja kuaga, Mhina alimbeba mtoto mwenyewe mpaka dirishani. "Mtani," akasema, "mama yako aliitwa nani?"

"Kalunde. Kwa nini?"

"Huyu naye Kalunde. Tumempa makusudi. Akikua, kila siku tutamwambia, Kalunde, kaoshe vyombo! Kalunde, kateke maji! Nawe huko utajua Wazigua wanamtuma mama yako."

Mzee Maganga alinyoosha mikono dirishani, akampokea.

Tangu hapo watu wa Kwedizinga wakaanza kuja kutoa damu, Mhina akiwa mbele, na kila akija lazima adai kwanza kuliazimisha jicho lake, aone kama wamo wote. Nilipohamishiwa Handeni nilimkuta huko pia, kwenye gari la kukusanya damu, anawatukana watani zake mpaka wanapanda kitandani wakicheka.

Mzee Maganga alifariki akiwa mzee sana, usingizini, na miwani yake ya uzi kando ya kitanda. Tulimzika hapa Korogwe. Watu walijaa, wa kambini, wa hospitali, wa sokoni. Jeneza lilipofika kaburini, nikasikia vicheko. Mhina, mvi kichwa kizima, alikuwa ameketi juu ya udongo amekumbatia sepetu zote. Na kando yake amesimama Kalunde, siku hizi fundi cherehani pale Handeni, amevaa koti jeupe la marehemu linamburuta, miwani ya uzi puani, anamwiga, ndiyo desturi ya watani msibani, anatembea kwa hatua zake zile zile, anainama kuchungulia ngumi yake kama darubini. "Naona mdudu!" akasema kwa sauti ya Mzee. Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja, na sikuwa peke yangu.

"Hazikwi mtu hapa," akasema Mhina. "Mnyamwezi huyu tumemkamata. Mkomboeni."

Wafiwa wakaanza kutafuta sarafu mifukoni.

"Hela zenu kaeni nazo," akasema Kalunde. "Tunataka mikono. Jumatatu asubuhi, hospitali, kitengo cha damu. Atakayetaka ainue sasa, asiyetaka hakuna ugomvi. Damu haikamatwi."

Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa mjane wake Mzee. Wakamcheka kwa mapenzi, wakamwambia bibi shusha, umri wako umepita. Iliyofuata sikuihesabu. Sepetu zikaachiliwa, tukamzika mzee wetu.

Jumatatu nilikwenda kuangalia tu. Foleni ilifika nje. Kalunde alikuwa ameshalala, ameshatoa, anakunywa soda yake. Aliponiona akainuka.

"Shikamoo, bibi. Wewe bado hujakomboa."

"Marahaba, mwanangu. Mimi nimezeeka, damu yangu hawaipokei."

"Nani kasema damu? Wewe toa jicho."

Alinishika mkono mpaka dirishani kwangu pa zamani. Kijana wa zamu alikuwa mmoja wa nyinyi, mmoja wa wale wasio na muda. Kalunde akamnyooshea kidole kingine, akamwambia weka tone hapa, usitie rangi. Kijana akatii. Nikakaa kwenye kile kiti, nikainama, nikaona mdudu mrefu mweusi mwenye miguu mingi. Nikarudi nyuma kidogo, nikatulia.

Walikuwa wanaelea. Wana umanjano mwepesi, wanapishana, wanagongana, wanaendelea. Nilijua vizuri kwamba humo hakuna hata seli moja ya mama yake ya siku ile, wala ya Mhina. Zile zilikufa zamani. Lakini kama zile zisingefika wodini, hawa wasingekuwa na mama wa kuwanyonyesha.

"Bibi, unaona nini?" akaniuliza yule kijana.

"Mbona wamo wengi hivi!" nikasema.

Nikampisha. Akainama, kwa haraka yake ile ile, halafu haraka ikamwisha. Alikaa pale. Alipoinuka alifungua dirisha, akamtazama mama aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, kidole ameshakitanguliza tayari kuchomwa.

"Mama, zunguka uingie ndani," akamwambia. "Njoo kwanza ujione."